Sindano ya Shibe

Tumbo la Valéry nalijua kuliko mkewe, na hilo nimelisema mbele ya mkewe mwenyewe, akacheka. Dorothée alikuwa analiona tu. Mimi nililipima. Miaka kumi na miwili nimezungusha meta yangu ya kupimia kiunoni mwake, na kila mara nikaandika namba kwa chaki ukutani, pembeni ya cherehani, hapa hapa Buyenzi, Bujumbura, avenyu ya kumi na nne. Mwaka 1992, sentimita tisini na nane. Mwaka 1996, tulipofungiwa mipaka na sukari ikawa hadithi, mia moja na tisa. Mwaka 2003, mji unapigwa mabomu kutoka milimani, mia moja ishirini na saba.

Jamani, niambieni. Mji mzima unakonda, mimi Shaabani mkanda wangu nimeutoboa matundu matatu mapya, halafu mtu mmoja ananenepa! Wangapi walikuja kibarazani kuniuliza, "Fundi, huyu Valéry anakula nini?" Nikawajibu bila kuficha: anakula kwenu.

Msidhani alikuwa mkubwa. Alikuwa karani tu, mkaaji wa Ngagara, Kartiye ya sita, na kazi yake wizarani ilikuwa kugonga muhuri kwenye karatasi ambazo mtu mwingine ameshazisaini. Lakini Jumamosi! Jumamosi Valéry alikuwa msemaji. Kwetu mtu hamposei mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Anatafuta mtu wa maneno matamu, asimame mbele ya wazee wa msichana, azunguke na mafumbo ya ng'ombe na malisho mpaka binti apatikane. Na vita haikuwazuia watu kuoana, iliwaharakisha. Kila Jumamosi kulikuwa na posa, na kila posa ina sahani.

Hapo kwenye sahani nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi wa mbali. Huku kwetu mwenyeji anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Ukila, umemwambia: sikuogopi. Ukikataa, umemwambia: umeniwekea sumu. Hakuna neno la katikati, na katika miaka ile watu waliuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sasa Valéry hakuwahi kukataa kitu tangu aachishwe ziwa. Ndiyo maana alitafutwa kuliko wasemaji wenye sauti nzuri.

Kuna na adabu ya pili. Kwa watu husemi una njaa, hata kama macho yanakutoka. Mtoto anafinywa paja na mama yake kabla mlango haujagongwa: "Wakikuuliza, umeshiba." Unasema nimeshiba mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wenyeji wanakusihi, "Kidogo tu, jamani," ndipo unanawa mikono. Valéry alikuwa bingwa wa hiyo. Alisema "nimeshiba" kwa sura ya huzuni, mkono juu ya tumbo, utadhani anazika mtu. Akishasihiwa mara ya tatu, alikula chakula cha askari sita.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na angeendelea kuishi hivyo kama si mwanawe Armel kupenda.

Alimpenda Joëlla, msichana aliyesoma naye uuguzi. Msichana mzuri, ana heshima, hana kosa lolote isipokuwa kwao ni Carama. Sitataja makabila, sina hamu nayo. Wa hapa wanajua. Wa mbali inawatosha kujua kwamba Ngagara ilikuwa imebaki ya upande mmoja, kule Kinama na Carama ya upande mwingine, na pande hizo zilikuwa zinauana mwaka wa kumi na moja sasa. Kaka yake Valéry aliuawa mwaka wa kwanza wa vita. Baba yake Joëlla aliuawa mwaka wa pili. Mama yake, Concilie, alikaa kambi ya wakimbizi miaka, kisha akarudi kulima nyanya na viazi pembezoni mwa Carama. Tangu vita ianze, hakuna mtu wa ukoo wa Valéry aliyekuwa amevuka kwenda kule kula chakula cha mtu.

Armel akamwambia baba yake: "Papa, kama si Joëlla, mi sioi." Ndiye mtoto wa pekee. Na safari hii Valéry asingekuwa msemaji. Baba wa kijana anakaa tu mbele, kimya, watu wamtazame.

Hilo la kutazamwa ndilo lililomleta kwangu, mwezi wa kwanza, mwaka 2004. Akasimama hapo penye kioo akajigeuza upande, akajigeuza na upande wa pili. Haikusaidia.

"Fundi," akasema, "unajua kule Carama wanatusema nini?"

"Wanasema mengi."

"Wanasema sisi ndiyo tulikula inchi hii, Burundi yote." Akapiga tumbo kwa kiganja. "Sasa mi nitaingia kwa ule mama mwenye ametoka kambini, na hii mbele yangu? Nitamwambia ni ya harusi?"

Wallahi nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Yeye hakucheka. Nikaona macho yake, nikanyamaza. Mtu mzima alikuwa na haya, haya ya kweli, na mimi namchekea.

Sasa dawa ilitoka wapi? Kwa Jovithe, mtoto wa dada yake, aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji. Ngagara nzima ilimwita daktari. Daktari gani! Kazi yake ilikuwa kwenye maabara, kuwapelekea chakula panya waliodungwa dawa ya kutotaka kula. Yaani kijana amevuka bahari kwenda kumbembeleza panya ale. Lakini alikuwa na kichwa, na alisikia wakubwa wake wakiongea, akamweleza mjomba wake, na mjomba akaja kunieleza mimi, maana siri za tumbo zote hufika kwa fundi.

"Tonton," alisema Jovithe, "nyuma ya tumbo kuna kongosho. Ukikula, inatoa insulini kwa sababu ya sukari. Lakini pamoja na ile insulini inatoa kitu ingine, inaitwa amilini. Ile amilini inapanda mpaka mu kichwa inasema: inatosha, weka kijiko. Shida, haikai. Dakika chache imekwisha. Sasa kule kwetu wametengeneza ingine ya kufanana nayo, yenye kukaa mu mwili wiki nzima. Wiki nzima inasema tu: inatosha, inatosha."

"Na watu wanasemaje?"

"Watu bado, tonton. Ni utafiti. Ni panya tu."

"Panya wanasemaje?"

"Wanakonda."

"Apana kuumwa? Apana kutapika?"

"Panya hawatapikake, tonton. Mungu hakuwapa."

Valéry akaona hilo ni jibu zuri. Mimi hata leo nikilikumbuka najikuna kichwa. Jovithe akarudi Ulaya, akaacha vichupa kumi na viwili na sindano zake nyembamba, na amri mbili: kila Alhamisi moja, na kamwe usiongeze. Vichupa vilitaka baridi, na umeme wa Ngagara mnaujua. Vikakaa kwenye friji la baa ya jirani lenye jenereta, kati ya Fanta na bia, na mwenye baa akatangaza kwamba karani ana kisukari, maskini.

Dawa ilifanya kazi. Sitasema uongo. Wiki ya kwanza Dorothée aliweka samaki mukeke wa kukaanga, ndizi na sombe ya majani ya muhogo, Valéry akala vijiko vitano akaweka kijiko, akatazama sahani kwa mshangao. Wiki ya tatu nikaandika ukutani mia moja ishirini na moja. Wiki ya sita, mia moja kumi na sita.

Msiniulize furaha ilikuwa wapi. Haikuwapo. Burundi yetu mtu akikonda peke yake hasifiwi, anapewa pole. Wanawake wa Kartiye ya sita walianza kumtazama Dorothée kwa huruma na kumwuliza kama na yeye ameshapima damu. Padri alikuja bila kuitwa. Kazini, Sébastien, karani mwenzake, alianza kuweka kikombe chake juu ya meza ya Valéry ili watu wazoee kumwona yeye hapo. Na posa zilikauka. Nani atampeleka mbele ya wakwe msemaji anayekula vijiko vitano? Ukoo mmoja wa Bwiza ulimrudisha mlangoni: "Tulitaka Valéry." Akasema, "Ndiye mimi." Wakasema, "Apana, ule mwingine."

Yeye alivumilia yote. "Acha waseme, fundi," aliniambia. "Nikifika kwa Mama Joëlla, ataona mutu kama yeye."

Sasa nakuja kwenye kosa, na nusu ya kosa ni langu, kwa hiyo nitalisema haraka. Suti ya posa nilimshonea mimi. Mara tatu aliniagiza niipunguze, mara tatu nikaipunguza, ya mwisho kwa sentimita mia moja na kumi alizoahidi kuzifikia. Ijumaa, siku moja kabla ya posa, amekuja kujaribu: mia moja kumi na mbili. Kifungo hakifungi.

"Fundi, achia kidogo."

Ndani ya mshono nilikuwa nimeacha vidole vinne vya kitambaa. Kila fundi huacha. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya, na suti ile nilishaichoka, na ulimi wangu mnaujua. Nikamwambia: "Koti halina kosa. Punguza tumbo."

Akatoka. Alikuwa ameshajidunga jana yake, Alhamisi, kama amri. Akapita pale baa, akachukua kichupa kingine, akajidunga tena. Sisi ndivyo tulivyo na dawa: moja ikitibu, mbili zitatibu zaidi.

Jumamosi tukaondoka saa nne asubuhi, gari moja la kuazima. Valéry na Dorothée, Armel, Sébastien ndiye msemaji, na mimi. Mimi nilikuwa nini? Mtu wa Buyenzi. Sisi Waislamu wa Buyenzi hatukuwa upande wowote, kwa hiyo kila posa ya miaka ile yenye pande mbili ilitafuta mmoja wetu wa kumkalisha katikati. Kifungo cha koti kilikuwa kimefunga. Uso wa Valéry ulikuwa na rangi ya majivu, na alishika tumbo kila gari liliporuka.

Penye kizuizi, askari akachukua kitambulisho chake, akatazama picha, akamtazama mtu, akatazama picha.

"Huyu mwenye picha ni mutu mzima. We uko nusu."

"Ni mimi, afande. Nimepunguka."

"Na ile nusu ingine iko wapi?"

Nikatoa meta yangu na kuapa kwamba mimi ndiye fundi wake na nusu zote mbili nazijua. Askari akacheka, tukapita. Valéry peke yake ndiye aliyefurahi kweli. Alimnong'oneza mkewe: "Umesikia? Niko nusu."

Kwa Concilie kulikuwa kumefagiwa mpaka barabarani. Turubai la kambini, lile la buluu lililofifia, lilikuwa limefungwa juu kwa kivuli. Viti vilikuwa vya kila aina, vya kuazima nyumba saba. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, shati la kitenge limepigwa pasi likasimama. Alikuwa amechinja mbuzi, na alimwita jirani Mwislamu amchinje, kwa ajili yangu mimi. Mama yule hakuwa na mbuzi wawili. Nilijua, na kila mtu alijua.

Sébastien alisema maneno yake, hayakuwa mabaya. Mjomba wa Joëlla akajibu kwa upande wao, mtu mrefu aliyekuwa hacheki. Maneno mengi yalikuwa Kirundi. Nawapeni kwa Kiswahili, kile chao cha mitaani, si hiki changu. Yalipokwisha, Concilie akaleta sahani ya Valéry kwa mikono yake miwili: mishikaki, ndizi, maharage, mafuta yanang'aa. Akakata kipande, akaonja mbele ya wote, akamkabidhi.

"Karibu, monsieur."

"Asante, mama. Nimeshiba."

Watu wakatabasamu. Adabu nzuri.

"Kidogo tu, monsieur."

"Mama, nimeshiba. Kweli."

"Mara ya pili!" akasema mzee mmoja kwa furaha, maana hata Carama walishasikia sifa za Valéry. Wakasihi. Akasema ya tatu, kwa sura ile ile ya huzuni, mkono juu ya tumbo, na upande wa Concilie wote wakapiga makofi, wakajisogeza wamwone bingwa anavyoanza.

Hakuanza.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Valéry alikuwa amesema kweli, na hapakuwa na mtu wa kumwamini. Makofi yakaisha. Nikamwona jasho linamteremka mashavuni. Akatazama nyama ile kama mtu anayetazama jiwe analoambiwa alimeze. Mjomba akaacha kutafuna. Armel akasema taratibu, "Papa," na Joëlla, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashika fremu ya mlango.

Valéry akatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akameza, haki yake apewe, akameza. Kisha akainuka ghafla, kiti kikaanguka, akakimbilia nyuma ya migomba, na sote tukasikia.

Subhanallah! Sébastien akaruka: "Wamemupa sumu!" Dorothée akapiga yowe. Mjomba wa Joëlla akawa ameshasimama, na nyuma yake vijana wanne, na mmoja alikuwa na panga la kukatia ndizi, sisemi alilikusudia, lakini lilikuwa mkononi. Armel akakaa katikati ya uwanja, chini, mikono kichwani, suti yake mpya kwenye vumbi. Nikajua kwamba tukitoka pale hivyo, Armel hatamwona tena msichana wake, na pengine si sote tutakaofika kizuizini.

Concilie hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha Valéry, akavuta sahani yake, akaanza kula. Akala mishikaki yote. Akala ndizi, akala maharage mpaka akafuta mafuta kwa kidole. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira, na alikuwa anatafuna. Hakuna aliyesogea.

"Haya," akasema. "Sasa mukae saa moja. Munitazame nikikufa."

Sikuweza kuvumilia. Ulimi uliomwambia mtu punguza tumbo ndio huo huo ulionisaliti sasa. Nikasimama, nikasema yote: Jovithe, panya, kongosho, vichupa kwenye friji, koti. Nikasema hakuna sumu, ila ile aliyojidunga mwenyewe ili akonde, na mara ya pili alijidunga kwa sababu yangu.

"Dawa ya nini?" akauliza Concilie.

"Ya kutosikia njaa, mama."

"Sema tena, fundi."

"Dawa ya mtu asisikie njaa."

Valéry alikuwa amesharudi kutoka migombani, anajifuta mdomo kwa leso. Concilie akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Ulaya wanatengeneza hiyo?"

"Ndiyo, mama," akasema Valéry.

"Wanachoma panya sindano, ili panya isiwe na njaa?"

"Ndiyo."

"Yesu Maria." Akaguna, na mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. "Na we, kwa nini?"

Hapo Valéry akasema kwa sauti ndogo, yeye aliyezoea kuhutubia uwanja mzima: "Sikutaka kuingia kwako na ile tumbo, mama. Mungesema ni sisi tulikula inchi."

"Tungesema," akajibu Concilie. "Hiyo ni kweli."

Na sasa watu wakacheka, upande wao na wetu, kicheko cha kuogopa. Yeye hakucheka. Alikunja mikono juu ya sahani tupu. "Ile dawa inakwisha lini?"

"Labda wiki mbili. Nimedunga mbili."

"Basi wiki mbili. Utarudi Jumamosi ile, we na huyu fundi tu. Apana musemaji, apana muke. Na tangu Ijumaa asubuhi usikule. Mutoto wangu sitoi leo, na simukatazi leo."

Zile wiki mbili ziliisha polepole. Siku ya kumi na moja njaa ya Valéry ilirudi, na ilirudi na ya miezi iliyopita. Dorothée alikuja akilia kwa furaha, kuniambia mumewe amekula sufuria ya ugali peke yake. Vichupa viwili vilivyobaki mwenye baa alivimwaga, ili apate nafasi ya bia. Ijumaa Valéry akafunga kama alivyoagizwa, na Jumamosi mchana tulipofika Carama, tumbo lake lilikuwa linanguruma mpaka mimi nalisikia. Lakini alikuwa na matumaini. "Mi najua hawa wamama, fundi," alisema njiani. "Atachinja tena. Anataka nimuonyeshe." Hata mikono ya shati alikuwa ameshaikunja.

Hapakuwa na turubai, wala viti vya kuazima. Concilie alitukalisha ndani, mezani. Joëlla alisimama nyuma ya mama yake. Concilie akaleta kikombe cha bati na bakuli. Kikombe kilijaa mahindi yaliyochemshwa na maharage machache. Hakuna chumvi, hakuna mafuta.

"Kambini," akasema, "hii ilikuwa ya siku moja. Ya sisi wane: mi, huyu Joëlla, na wadogo zake wawili."

Nikatazama nyumba ile. Hapakuwa na wadogo.

Akagawa kikombe mara nne, akatia robo moja kwenye bakuli, akalisukuma mbele ya Valéry. Vijiko vinne. Akachukua kijiko kimoja akaonja, kama desturi. Vikabaki vitatu.

"Karibu, monsieur."

Valéry hakusema nimeshiba. Alikula kijiko cha kwanza haraka, cha pili polepole, na cha tatu alikitafuna muda mrefu mno, nikaona koo lake linakataa kukiacha kiende. Kisha akakwangua bakuli, na bakuli lilikuwa tupu. Macho yake yakaenda kwenye zile robo tatu zilizobaki kikombeni. Akayarudisha chini.

Concilie akauliza kwa upole, kama mwenyeji anavyomwuliza mgeni: "Umeshiba?"

Mimi nilijua jibu. Kila mtu aliyelelewa anajua jibu. Nikaona midomo ya Valéry inalitafuta, neno lile alilolisema maisha yake yote kwa watu, tangu mama yake alipomfinya paja. Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya msichana atakayekuwa mkwewe.

"Apana, mama," akasema. "Niko na njaa."

"Sema tena."

"Niko na njaa, Mama Joëlla. Niko na njaa sana."

Concilie akafunika kile kikombe kwa kiganja. Na yeye macho yalikuwa yamemjaa machozi. Wazazi wa mume na wa mke kwetu huitana bamwana, lakini hakuna anayeitwa hivyo kabla binti hajatolewa.

"Miaka yote ile," akasema, "nilitaka mutu mumoja wa kwenu aniambie hiyo neno akiwa anaijua. Mumoja tu. Endeni mupange siku ya harusi, bamwana."

Hakutupa kingine cha kula. Tukarudi Ngagara na njaa yetu. Jumatatu asubuhi Valéry akaniletea lile koti, na mimi nikaachia mshono, vidole vyote vinne.